Maelezo ya Njia Yenye Kunyamaza

Ile agent hapana ogopa. Njo kitu ya kwanza nilipaswa kuelewa, na njo nilielewa ya mwisho.

Naandika hii mambo haraka, mbele isahaulike vile ilikuwa, juu batu ya hapa banapenda kusema "Mungu alisaidia" na hadisi inaisha pale. Kwangu haikuishia pale.

Niko nafanya kazi mu agence moja ya usafirishaji hapa Butembo, mu Vulamba. Bureau yetu iko nyuma ya depo, na ku dirisha unaona camion, malori, zikiingia na matope mupaka ku milango. Zinabeba bintu kutoka Kasindi, ku mupaka na Uganda: sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, mabati. Zinapita Beni, zinakuya kwetu. Saa ingine zinapanda Lubero kutafuta viazi. Patronne, mwenye agence, ni mama moja mufanyabiashara, Muprotestanti wa kweli, hawezi kufungua bureau mbele ya kuomba. Alinunua logiciel, programme ya ordinateur ya kupanga safari za camion, na ndani ya ile logiciel banaweka agent, IA, akili ya mashini.

Nieleze, juu hata mama yangu aliwaza ni mutu tumeficha mu mashini. Agent ni programme yenye kusoma, kufikiri, na kufanya. Haiko kama telefone yenye kungoja uiguse. Unaiambia: fikisha camion Butembo salama. Yenyewe inachagua outil, chombo, ya kutumia. Kila outil iko na kazi yake. Moja inaonyesha camion iko wapi, ingine inamutumia shofere ujumbe wa kutoka, ingine inasimamisha camion, ingine inaleta habari ya njia. Na chini ya jina ya kila outil kuko maelezo: inafanya nini, itumiwe wakati gani, isitumiwe wakati gani, inarudisha nini. Agent haioni kitu ingine. Haioni matope, haioni sura ya shofere. Inasoma maelezo, inaamini.

Kuandika ile maelezo ilikuwa kazi yangu. Nilimaliza sekondari mu option ya biashara na informatique, na naandika bila kuchoka. Mwenye alitengeneza logiciel ni kijana moja wa kwetu mwenye kuishi Kampala, ingénieur. Tunamuita Ingé. Aliniambia ku telefone:

"Andika kama unaandikia mutu mwenye akili sana, mwenye ameshuka leo mu avion, kutoka mbali. Hajue mutu hata moja. Na hatakuuliza kitu."

"Juu ya nini hataniuliza?"

"Juu hajue kama kuko kitu hajue."

Nikacheka. Nilikuwa na haraka. Miye niko na haraka kila wakati, mama anasema nilizaliwa mbele sage-femme, mukunga, avue koti.

Mu mwanzo makosa ilikuwa ya kuchekesha tu. Chini ya outil ya kusimamisha niliandika: "Inasimamisha camion kama kuko tatizo." Sikusema camion gani. Basi shofere moja akatuma ujumbe kama pneu yake, tairi, imepasuka mu mulima ya Lubero, na agent ikasimamisha camion zote. Zote! Depo ikajaa, bashofere bakakaa chini ya camion na vikombe ya chai, bananiangalia vile banaangalia mwizi wa kuku.

"Petite," moja akaita, vile bote hapa bananiita, mudogo, "pneu inapasuka Lubero, na miye wa Butembo nisitembee? Nilifunga ndoa na ile pneu?"

Nikarekebisha: "Inasimamisha camion moja tu, ile yenye numero umetoa. Usiguse camion ingine." Agent ikasoma, na haikurudilia tena. Ile ilinifurahisha vibaya sana. Mutu unamuambia, unamurudilia, unamufokea, kesho anafanya vilevile. Hii, mara moja tu! Sikuona kama pale pale njo kulikuwa hatari yake. Inaamini mara moja.

Ujumbe yake ilikuwa mu Swahili ya redio. "Ndugu dereva, unaruhusiwa kuondoka. Safari njema." Bashofere bakaona inaongea kama mu misa, bakaanza kusema: "Padiri amesema tutoke." Jina ikabaki. Hata patronne, na Uprotestanti yake yote, akakuwa anauliza asubuhi: "Padiri iko aje leo?"

Kaka yangu ni moja ya bale bashofere. Njo mukubwa yangu, njo alinisomesha nyuma ya kifo ya baba. Anaishi na siye mu lupango, mu kiwanja ya mama. Alikuwa ananichokoza ku meza:

"Padiri yenu hajakula vumbi hata siku moja. Mumulete nimupeleke Kasindi mu cabine, atatapika mupaka ku Mutwanga."

"Haina tumbo, kaka."

"Njo maana siiamini. Kitu yenye haina tumbo itajuaje kuogopa?"

Tukacheka bote babili. Mama hakucheka.

Sasa niseme kawaida moja ya hapa, juu bila yenyewe hautaelewa. Kati ya Kasindi na Beni kuko fasi mutu hapana pita ovyo. Juu ya bale batu ya mu pori, benye bunduki, sitaandika, kila nyumba hapa iko na hadisi yake na tunaisema sauti ya chini. Mais kawaida njo hii: shofere mwenye amepita ile fasi, akifika upande wa pili, anapigia bale bamebaki nyuma. "Nimepita." Basi. Hapo njo ule wa nyuma anawasha moteur. Kama hakuna mutu amepiga, hakuna mutu anatoka, na hakuna mutu anauliza sababu. Banazima moteur, banashuka, banatafuta chai. Hata mu nyumba yetu, mama hapana pakua chakula mbele ya kusikia ile neno. Wakati nilikuwa mudogo niliwaza ni sala ya kubariki meza.

Kimya, kwetu, haiko kitu ya bule. Kimya njo habari yenyewe.

Na miye, mutoto wa ile nyumba, chini ya outil ya habari ya njia niliandika hivi: "Inaleta matatizo yote yenye imetangazwa ku njia. Kama hairudishi kitu, hakuna tatizo yenye imetangazwa."

Soma tena. Haiko uongo. Ingé aliisoma, patronne aliisoma, bote batoto ya huku, bote bakasema ni muzuri. Nani anaandika kama moto inaunguza?

Kwanza hakukuwa shida, juu kila ujumbe wa kutoka ulikuwa unapita kwangu. Agent inapendekeza, miye nabonyeza "oui", ndiyo, ndipo unaenda. Na mbele ya kubonyeza, bila kufikiri, nilikuwa napigia chef ya parking ya Kasindi, fasi camion zinangoja: "Chef, nani amepita?" Ananiambia fulani. Nabonyeza. Ile simu sikuiandika fasi yoyote. Ilikuwa mu mikono yangu, haikukuwa mu kichwa.

Siku moja patronne akasimama nyuma ya kiti yangu.

"Weye unafanya nini pale?"

"Nasema oui, Mama patronne."

"Nanunua mashini, halafu namuweka mutu pembeni aseme oui kama bibi arusi? Toa ile kitu. Weye enda ku facture, ku hesabu."

Nilipigia Ingé, akaitoa. Nitasema kweli: nilifurahi. Kubonyeza ilikuwa inanichosha.

Ile siku mvua ilianza asubuhi na haikukatika. Mu bureau yetu telefone hazipumzikage, zinalia moja juu ya ingine kama batoto yenye njaa. Mbele ya saa sita zikapunguka. Nyuma ya saa sita zikanyamaza. "Réseau ya telefone imeanguka upande wa Beni," patronne akasema, akaendelea kupanga karatasi. Na ni kweli, mvua inaangushaka réseau. Bintu bingine pia binaiangushaka.

Nilikuwa mu facture. Nikainua macho ku ekrani ya ordinateur na nikaona camion ya kaka imebadilika rangi, kutoka njano kuwa kijani. Kijani ni kusema: imetoka Kasindi.

"Nani amepita?" nikauliza sauti ya juu, kama naongea na chef.

Patronne akaniangalia.

Logiciel inaandika kila hatua, vile agent ilifikiri. Nikaifungua. Ilikuwa imeandika: "Nimeangalia habari za barabara. Hakuna tatizo lililotangazwa. Barabara iko wazi. Namruhusu dereva kuondoka."

Barabara iko wazi. Miye sikuandika wazi. Mais miye njo niliacha mulango wazi, na yenyewe ikaingia. Outil haikurudisha kitu juu tangu asubuhi hakuna mutu alipita, na hakuna mutu alikuwa na réseau ya kusema kama hajapita. Batu bote ya ile njia balikuwa bananyamaza kwa pamoja, na agent ikasoma ile kimya kama ruhusa.

Nikapiga simu ya kaka. Haipite. Nikarudilia, haipite. Nikapigia chef ya Kasindi, yeye anatumia ligne ya Uganda, hiyo ikapita.

"Chef, kaka yangu iko pale?"

"Alishatoka, petite. Camion iko mbali sasa."

"Nani alipita mbele yake?"

Nyuma yake nilikuwa nasikia mvua tu ku mabati, hakuna moteur hata moja.

"Hakuna mutu amepiga leo," akasema. "Hata siye tulishangaa. Mais ujumbe ya Butembo ikafika ku ligne ya Uganda, tukasema, labda kule muko na habari. Kaka yako mwenyewe alikuwa anakatala kutoka, kisha akasema: 'Petite yangu njo anaandika ile mambo. Kama Padiri amesema, ni juu petite ameona kitu siye hatuone.'"

Niliweka telefone ku meza pole pole, kama kitu ya kupasuka.

Kisha nikakimbilia outil ya kusimamisha, nikaweka numero ya camion ya kaka, nikatuma. Agent ikajibu palepale: "Ujumbe umetumwa. Gari limesimamishwa." Na ku ekrani camion ikakuwa nyekundu.

Patronne akapiga mikono. "Si unaona! Imesimama. Wasingya, aksanti, Yesu!"

"Mama patronne, ni rangi tu."

"Rangi aje?"

"Ujumbe imetumwa. Haijafika. Kule hakuna réseau. Camion ingali inatembea."

Kutumwa haiko kufika. Ile pia sikuandika. Agent ilituma, ikaamini, na sasa ilikuwa inatuonyesha camion yenye kusimama muzuri kabisa mu rangi nyekundu, wakati kaka alikuwa anakanyaga gaz mu mvua.

Patronne akakaa chini. Ni mara ya kwanza nilimuona anakaa ku kiti ya bageni. Na wakati anakaa, nikaona ku ekrani camion ingine ya Kasindi, ya kijana mwenye kubeba sukari, inaanza kupangwa. Agent ilikuwa inaangalia tena habari ya njia. Tena itapata kimya. Tena itasema wazi.

Sikungoja Ingé. Nikafungua maelezo, nikafuta yote. Niliandika hivi:

"Outil hii inaleta tu matatizo yenye mutu alipata nafasi ya kusema. Kama hairudishi kitu, haimaanishe njia iko wazi. Inamaanisha hatujue. Kati ya Kasindi na Beni, kimya ni alama mubaya. Usimuruhusu shofere kutoka mupaka mutu mwenye amepita leo apige aseme: nimepita. Kama hakuna, shofere angoje, na uite mutu wa bureau."

Na chini ya outil ya kusimamisha: "Inatuma ujumbe tu. Usiseme camion imesimama mbele shofere mwenyewe ajibu."

Nikaihifadhi. Agent ikasoma. Hatua yake mupya ikatokea: "Sijui hali ya barabara. Hakuna aliyethibitisha kupita. Dereva asubiri. Naomba msaada wa mtu."

Mara moja. Ilikuwa rahisi vile! Nilitaka kuvunja ile ekrani na mukono. Ilikuwa tayari kuogopa tangu siku ya kwanza, ilikuwa inangoja tu mutu aiambie. Na kijana wa sukari akabaki Kasindi, anakunywa chai, hajue kitu.

Patronne alianza kuomba, sauti ya chini, mu Kinande. Miye sikuweza. Nilikuwa nafanya kitu moja tu: napiga numero ya kaka, nasikia ile mwanamuke ya kampuni ya telefone anasema mteja hapatikani, nakata, napiga.

Wakati nilifika nyumbani sufuria ilikuwa ku moto. Mama akaniangalia ku mulango.

"Amepiga?"

"Bado."

Akafunika sufuria. Hakuniuliza ingine. Mama moja mwenye hajue ekrani ni nini, alishaelewa yote mu ile neno "bado", na miye nilihitaji agence nzima ifanye makosa ndipo niiandike. Batoto ya kaka balilala na njaa, hakuna hata moja aliomba chakula. Hata bo banajua.

Asubuhi, kungali baridi, numero yenye sijue ikaita.

"Petite. Niko."

Nilikaa chini ku udongo, palepale mu lupango. "Uko wapi? Ulipita?"

"Sikupita. Niko mu lupango ya kanisa, telefone ni ya catéchiste. Sikiliza, hapana lia. Nilikuwa natembea, nikaona hakuna gari yenye kukuya mbele yangu. Hata pikipiki moja. Hata mutu wa baiskeli na ndizi. Nikasema, petite ameona, endelea. Nikaendelea. Kisha nikaona bamama banakuya na magodoro ku kichwa, mu mvua, bananyamaza. Hata batoto ku mugongo bananyamaza. Moja akaniangalia tu, akatingiza kichwa. Nikakata usukani."

"Na mbele kulikuwa nini?"

"Hapana niulize ku telefone."

Mupaka leo hajaniambia. Mu ile lupango ya kanisa balisikia kitu jioni, upande wa mbele, na bakazima mataa. Njo tu najua. Mama alipakua chakula asubuhi, ile ya jana, na tukaikula baridi.

Kaka alirudia nyuma ya njia kufunguka. Aliosha mikono, akala, akacheza na batoto yake. Hakunifokea. Ningependa anifokee. Mu bureau patronne alirudisha ile "oui" kwa njia ya Kasindi, na Ingé akaniomba musamaha ku telefone kama ni yeye aliandika. Nikamuambia hapana, tuliandika bote, kwa kunyamaza.

Juma yenye ilifuata kaka akapaswa kurudia Kasindi. Mbele ya kuondoka akakaa ku kiti ya mama na akasema: "Leta ile maneno unamuandikia Padiri. Soma."

Nikasoma ku telefone yangu, yote. Mama alikuwa anachagua maharagi, mais mikono yake ilisimama. Wakati nilifika ku "hatujue", kaka akainamisha kichwa kama mu kanisa.

"Ni muzuri," akasema. "Ni vile kabisa. Sasa niambie. Kama mutu anapiga anasema 'nimepita', mais kuko mutu ingine amesimama pembeni yake?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa: mutu ya mu pori, na bunduki.

"Siye tunasikia mu sauti," akasema. "Ule mutu hapana kuchokoza vile tunazoea. Hapana kutukana njia. Anasema neno yake na ananyamaza, kama mutoto mbele ya mwalimu. Tunajua. Tunazima moteur. Padiri atajua aje?"

"Hawezi. Yeye anasoma tu maandiko."

"Basi uandike," akasema, akachukua sac yake. "Uandike mbele nitoke kule."

Leo niko mu bureau. Camion ya kaka iko Kasindi, njano, imepakia sabuni, inangoja. Tangu asubuhi naandika ile maelezo. Niliandika: "Sikiliza sauti." Nikafuta, agent haina masikio. Niliandika: "Usiamini mutu mwenye hachokoze." Nikafuta, shofere mwenye amechoka hachokoze pia. Patronne alipita nyuma yangu na kikombe yake.

"Ulimaliza? Sasa ni muzuri? Tutoe tena ile oui, si itakuwa mupole sasa?"

"Bado, Mama patronne."

"Weye na haraka yako yote, leo unasema bado?"

Ku ekrani agent ikaandika: "Dereva mmoja amethibitisha kupita. Naomba ruhusa." Na chini yake, ile kisanduku ya "oui", inangoja kidole yangu.

Nikapigia chef ya Kasindi.

"Chef, nani amepita?"

Akanitajia shofere moja wa agence ingine. Alipiga sasa hivi, akasema amepita, akakata.

"Chef," nikasema, "sauti yake ilikuwa aje?"

Mvua ilikuwa inanyesha kule pia, nilikuwa naisikia ku mabati. "Fupi, hakuchokoza," chef akasema, na miye nikatoa kidole ku "oui", nikamuambia camion ya kaka ingoje.